August Bebel: Fundi mkereza aliyehoji kodi inakokwenda

Alianza maisha kwa kukereza mikono ya milango kwa pembe za nyati. Alimaliza akiwa kiongozi wa chama kikubwa kuliko vyote katika bunge la Ujerumani. Kati ya hapo, August Bebel alitumia zaidi ya miaka 40 kuuliza swali moja kila bajeti ilipofikishwa bungeni: nani analipa, na fedha zinakwenda kufanya nini? Swali hilo lilimfikisha hadi kwenye habari za Pangani na Kilimanjaro.

Mwezi Machi mwaka 1896 wabunge wa Ujerumani walikuwa wamekaa mjini Berlin kujadili fedha za kuendeshea makoloni. Kwa kawaida mjadala wa aina hiyo ulikuwa wa takwimu: mishahara ya maafisa kiasi gani, askari wangapi, meli ngapi. Mbunge mmoja mwembamba, mwenye ndevu na nywele zilizoanza kuwa nyeupe, aliomba kuzungumza. Hakuanza na takwimu. Alieleza jinsi kijana mmoja aitwaye Mabruk na msichana aitwaye Jagodja walivyonyongwa katika kituo cha Wajerumani huko Kilimanjaro, kwa amri ya mtu aliyekuwa akilipwa mshahara na hazina ya taifa. Mtu huyo alikuwa Carl Peters, yule ambaye Watanzania wengi wamesoma habari zake shuleni kwa jina la Mkono wa Damu.

Mbunge aliyesimama alikuwa August Bebel. Katika makala hii tunayaangalia maisha yake kupitia jambo ambalo mara nyingi huachwa nyuma anapotajwa: vita vyake vya bajeti. Bebel alikuwa mfuasi wa Karl Marx. Lakini tofauti na Marx, ambaye hakuwahi kuwa mbunge, yeye alilazimika kupiga kura ya ndiyo au hapana juu ya kodi na matumizi ya serikali, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo maisha yake yanatuonyesha mawazo ya Marx kuhusu kodi yalivyokuwa yanapotoka kitabuni na kuingia bungeni.

Yatima wa ngome ya jeshi

August Bebel alizaliwa tarehe 22 Februari 1840 ndani ya ngome ya jeshi la Prussia huko Deutz, ng'ambo ya mto Rhine kutoka mji wa Cologne. Baba yake alikuwa askari wa cheo cha chini. Alifariki mwaka 1844, August akiwa na miaka minne. Mama yake akaolewa na ndugu pacha wa marehemu, naye pia akafariki miaka miwili baadaye. Mjane huyo akawachukua watoto wake na kurudi kwao Wetzlar, ambako alijipatia riziki kwa kushona glavu za askari. Mwaka 1853 kifua kikuu kilimuua yeye pia. August alikuwa na miaka 13.

Mtoto huyo hakuwa na wa kumlipia masomo ya juu. Akapelekwa kujifunza ufundi wa kukereza, yaani kuchonga mbao na pembe kwa mashine inayozungusha kitu kinachochongwa. Alipohitimu alifanya kama walivyofanya mafundi vijana wa wakati ule: akatembea kwa miguu mji hadi mji kutafuta kazi, kusini mwa Ujerumani na Austria, mpaka alipofika Leipzig mwaka 1860. Hapo aliweka makazi. Mwaka 1864 alifungua karakana yake ndogo, akitengeneza vishikio vya milango na madirisha kwa pembe za nyati. Mwaka 1866 alimwoa Julie Otto, binti wa kibarua, ambaye baadaye aliiendesha karakana hiyo mumewe alipokuwa kifungoni.

Leipzig ilikuwa na chama cha elimu kwa wafanyakazi, na Bebel akajiunga nacho. Wakati huo hakuwa mjamaa. Aliamini kwamba mfanyakazi akisoma na kuweka akiba, maisha yake yatanyooka. Mwaka 1865 alikutana na Wilhelm Liebknecht, mwandishi wa habari aliyekuwa ameishi London uhamishoni na kumfahamu Marx kwa karibu. Kupitia kwake Bebel alianza kusoma maandishi ya Marx, na kitabu kikubwa cha Marx kuhusu mtaji alikisoma alipokuwa gerezani, mahali ambapo kwa mara ya kwanza alipata muda wa kutosha wa kusoma.

Mwaka 1867, akiwa na miaka 27, alichaguliwa mbunge katika bunge la Shirikisho la Kaskazini mwa Ujerumani. Tangu hapo hadi kifo chake alikuwa mbunge, isipokuwa kipindi kifupi mwanzoni mwa miaka ya 1880. Mwaka 1869 yeye na Liebknecht walianzisha chama cha wafanyakazi katika mji wa Eisenach.

Marx alisema nini kuhusu kodi?

Kabla hatujaendelea, ni vyema tueleze Bebel alichokipata kwa Marx katika suala hili. Kuna mambo mawili, na yanavutana.

La kwanza ni shaka. Marx aliona kwamba kubadilisha kodi peke yake hakubadilishi mfumo wa uchumi. Unaweza kumpunguzia mfanyakazi kodi leo, lakini kama kiwanda na ardhi bado ni vya wachache, wao ndio wanaopanga mshahara, na nafuu ile inaweza kumezwa tena. Kwa Marx, kodi ni damu inayouendesha mwili wa serikali: jeshi, polisi, mahakama na ofisi zake. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kodi ni kiasi gani, mtu aulize kwanza serikali hiyo ni ya nani.

La pili ni dai la uwazi. Mwaka 1866, katika maelekezo aliyowaandikia wajumbe wa Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi waliokuwa wanakwenda mkutanoni Geneva, Marx alitofautisha kodi za aina mbili. Kodi isiyo ya moja kwa moja ni ile iliyofichwa ndani ya bei ya bidhaa. Mtu ananunua chumvi au sukari bila kujua ni sehemu gani ya bei iliyokwenda kwa muuzaji na ni ipi iliyokwenda serikalini. Kodi ya moja kwa moja huonekana: mtu anajua ametoa kiasi gani, na akijua anachotoa atataka kujua kimefanya nini. Kwa maoni ya Marx, kodi inayoonekana humwamsha raia kuikagua serikali, na kodi iliyofichwa humlaza.

Bebel aliyabeba yote mawili. Alijua kodi haitaleta ujamaa. Lakini aliamini pia kwamba mahali ambapo wananchi hawajui wanalipa nini wala kinatumikaje, hakuna demokrasia ya kuzungumzia.

Kura ya kwanza ya hapana

Mtihani wa kwanza ulikuja Julai 1870, Prussia ilipoingia vitani na Ufaransa. Serikali ililiomba bunge idhini ya kukopa fedha za vita. Nchi nzima ilikuwa na shangwe. Bebel na Liebknecht walikataa kupiga kura ya ndiyo. Hawakupiga ya hapana pia, kwa sababu hawakutaka kuonekana wanamuunga mkono mfalme wa Ufaransa, Napoleon wa Tatu. Mwezi Novemba serikali iliporudi kuomba fedha zaidi, Napoleon alikuwa ameshakamatwa na vita vimegeuka kuwa vya kunyakua majimbo ya Alsace na Lorraine. Safari hii walipiga kura ya hapana.

Mwezi uliofuata walikamatwa. Baada ya kuachiwa, Mei 1871, Bebel alisimama bungeni kuwatetea wafanyakazi wa Paris walioanzisha utawala wao wa Komuni, wakati jeshi la Ufaransa likiwaua kwa maelfu. Miongoni mwa hatua za Komuni iliyosifiwa na Marx ilikuwa ile ya kuweka ukomo wa mishahara ya maafisa wa umma, ili utumishi usiwe njia ya kutajirika kwa fedha za walipa kodi. Mwaka 1872 mahakama ya Leipzig iliwahukumu Bebel na Liebknecht kifungo cha miaka miwili kwa kosa la kupanga uhaini. Bebel akaongezewa miezi tisa kwa kumkashifu mfalme.

Bajeti ya miaka saba

Ujerumani iliyoungana mwaka 1871 ilikuwa na bunge lililoitwa Reichstag. Kila mwanamume aliyetimiza miaka 25 alikuwa na haki ya kupiga kura, jambo lililokuwa nadra Ulaya wakati huo. Lakini bunge hilo halikumchagua kansela wala halikuweza kumfukuza. Nguvu yake kubwa ilikuwa moja: hakuna sheria ya bajeti iliyopita bila ridhaa yake.

Kansela Otto von Bismarck alitafuta namna ya kuipunguza nguvu hiyo. Sehemu kubwa ya matumizi ya taifa ilikuwa ya jeshi. Kuanzia mwaka 1874 bunge lilikubali kuweka idadi ya askari kwa miaka saba kwa mpigo. Bunge lililochaguliwa kwa miaka mitatu likawa linajifunga mikono kwa miaka saba. Bebel na wenzake walipinga mpango huo kila ulipoletwa. Hoja yao ilikuwa kwamba bunge lisiloweza kuigusa sehemu kubwa ya bajeti kila mwaka limebaki kuhesabu makombo.

Upande wa mapato nao ulikuwa na kasoro. Kodi za moja kwa moja ziliachiwa majimbo. Serikali kuu iliishi kwa ushuru wa forodha na kodi za chumvi, sukari, tumbaku, bia na pombe kali, yaani zile zile kodi zilizofichwa ndani ya bei. Mwaka 1879 Bismarck aliweka ushuru kwa nafaka inayotoka nje. Ulianza na marki 1 kwa kila kilo 100 za ngano, ukapandishwa hadi marki 3 mwaka 1885 na marki 5 mwaka 1887. Wenye mashamba makubwa mashariki mwa Ujerumani walifaidika kwa sababu nafaka yao iliuzwa kwa bei ya juu. Aliyelipa ni mtu aliyenunua mkate. Tajiri na kibarua hula mkate kwa kiasi kinachokaribiana, lakini kwa kibarua bei ya mkate ni sehemu kubwa ya mshahara wake wote.

Katika jimbo kubwa la Prussia jambo hilo lilikwenda mbali zaidi. Wapiga kura wa bunge la jimbo waligawanywa katika madaraja matatu kulingana na kodi ya moja kwa moja waliyolipa. Wachache waliolipa theluthi ya kwanza ya kodi yote walikuwa na uzito wa kura sawa na umati wa watu wa daraja la tatu. Kodi aliyoilipa maskini kupitia chumvi na mkate haikuhesabiwa. Na wanawake, ambao ndio hasa waliokwenda dukani na sokoni, hawakuwa na kura kabisa. Bebel, aliyechapisha kitabu chake maarufu kuhusu mwanamke na ujamaa mwaka 1879, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kulitetea bungeni suala la kura kwa wanawake.

Miaka ya kupigwa marufuku

Mwaka 1878 Bismarck alipitisha sheria ya kuwapiga marufuku wajamaa. Vyama vyao vilivunjwa, magazeti yakafungwa, mikutano ikazuiwa. Lakini sheria hiyo ilikuwa na mwanya: wajamaa waliruhusiwa kugombea ubunge kama watu binafsi, na hotuba za bungeni hazikuweza kuzuiwa. Kwa miaka 12 bunge likawa mahali pekee ndani ya Ujerumani ambapo Bebel angeweza kusema hadharani bila kukamatwa. Mjadala wa bajeti, ambao hugusa kila wizara, ulimpa nafasi ya kuzungumzia kila kitu.

Wabunge hawakulipwa posho wala mshahara hadi mwaka 1906. Bebel aliishi kwa biashara yake. Alikuwa ameingia ubia na mfanyabiashara mmoja na kupanua karakana kuwa kiwanda kidogo cha mvuke. Alisafiri huku na huko akiuza vishikio vya milango, na katika safari hizo hizo alikutana na wanachama kwa siri. Mwaka 1881 alifukuzwa Leipzig kwa amri ya polisi. Mwezi Desemba 1880 alikuwa amekwenda London na kukutana na Marx na Friedrich Engels ana kwa ana.

Sheria hiyo ilipokoma mwaka 1890, chama kilitoka kikiwa na nguvu kuliko kilivyoingia. Mwaka 1891 kilikutana Erfurt na kupitisha mpango mpya. Kuhusu kodi ulidai mambo ya wazi: kodi ya mapato na ya mali inayopanda kadiri utajiri unavyopanda, kodi ya mirathi, na kufutwa kwa kodi zote zisizo za moja kwa moja. Na kuhusu demokrasia ulidai kodi iidhinishwe upya na wananchi kila mwaka. Hakuna tena kufungwa mikono kwa miaka saba.

Kutoka Berlin hadi Pangani

Hapa ndipo maisha ya Bebel yanapokutana na pwani ya Afrika Mashariki.

Mwezi Aprili 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa na Carl Peters, ilipata kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar haki ya kuutawala mwambao na kukusanya ushuru wa forodha katika bandari zake. Maafisa wake walipofika na kupandisha bendera yao, watu wa pwani waliinuka. Abushiri bin Salim wa Pangani ndiye aliyejulikana zaidi kati ya viongozi wa upinzani huo. Kampuni ikashindwa kuidhibiti hali, ikageukia serikali ya Berlin.

Mwanzoni mwa mwaka 1889 Bismarck aliliomba bunge marki milioni 2 kwa ajili ya kikosi cha Hermann Wissmann. Sababu iliyotolewa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Bebel alisimama kupinga. Aliuliza kampuni hiyo ni ya nani hasa, na akajibu mwenyewe kwamba ni ya kikundi kidogo cha wenye mabenki, wafanyabiashara na wenye viwanda, ambao faida yao haina uhusiano wowote na maslahi ya Wajerumani wa kawaida. Faida ikipatikana ni yao. Hasara ikipatikana, inalipwa na mnunuzi wa chumvi na sukari. Fedha ziliidhinishwa hata hivyo. Wissmann alivuka bahari na jeshi lake, na Desemba mwaka huo Abushiri alinyongwa Pangani.

Bebel aliendelea kuitumia bajeti ya makoloni kama dirisha. Februari 1894 aliingia bungeni na mijeledi ya ngozi ya kiboko kutoka Kamerun na kuwaonyesha wabunge kitu ambacho wenyeji walikuwa wakichapwa nacho. Kaimu gavana wa huko, Heinrich Leist, alikuwa ameamuru wake wa askari Waafrika wachapwe mbele ya waume zao, na askari hao wakaasi. Baadaye Leist aliondolewa katika utumishi.

Kisha ukaja mjadala wa Peters, Machi 1896. Bebel alieleza vifo vya Mabruk na Jagodja na sababu zilizokuwa nyuma yake: Jagodja alikuwa amewekwa na Peters kama suria, na Mabruk alishukiwa kuwa na uhusiano naye. Hapa lazima tuseme pia kosa lake. Bebel alitaja barua ambayo Peters eti alimwandikia Askofu Tucker akijitetea, na barua hiyo haikupatikana kamwe. Watetezi wa Peters waliishikilia hoja hiyo kwa miaka. Lakini vifo vyenyewe havikuwa vya kubuni. Mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ilimfukuza Peters katika utumishi wa serikali.

Kodi ya waliokosa kura

Mwaka huo huo wa 1897 serikali ya kikoloni ilitangaza kodi ya nyumba katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliyoanza kukusanywa mwaka 1898. Vijijini ilikuwa rupia 3 kwa nyumba. Kusudi lake halikuwa mapato tu. Ililenga pia kumlazimisha mwanakijiji kutafuta fedha, na fedha ilipatikana kwa kuuza mazao au kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Asiyekuwa nayo alifanyishwa kazi.

Kodi hii ilikuwa ya moja kwa moja na ilionekana wazi, kama Marx alivyotaka. Lakini aliyeilipa hakuwa na bunge la kumpigia kura wala bajeti ya kuikagua. Tunaona hapa kwamba uwazi wa kodi bila uwezo wa kumwajibisha anayeitumia haumsaidii mlipaji. Pamoja na kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya pamba, kodi hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu za vita vya Maji Maji vilivyoanza Julai 1905 katika vilima vya Wamatumbi. Inakadiriwa kuwa watu hadi 300,000 walipoteza maisha, wengi wao kwa njaa baada ya jeshi kuteketeza mashamba na maghala.

Wakati huo Ujerumani ilikuwa pia vitani dhidi ya Waherero na Wanama katika Namibia ya leo. Desemba 1906 serikali iliomba bajeti ya nyongeza ya marki milioni 29 kwa vita hivyo. Wajamaa na chama cha Kikatoliki cha Zentrum wakaikataa. Serikali ikalivunja bunge papo hapo. Katika uchaguzi wa Januari 1907 wapinzani wa bajeti hiyo waliitwa wasaliti wa taifa, na chama cha Bebel, kilichopata viti 81 mwaka 1903, kikabaki na viti 43.

Alilipa gharama ya kusema hapana. Hata hivyo tusimfanye kuwa zaidi ya alivyokuwa. Bebel hakudai uhuru wa makoloni. Katika siku hizo hizo za Desemba 1906 alieleza bungeni kwamba kuwa na sera ya makoloni si uhalifu kwa yenyewe, na kwamba inaweza hata kuwa ya manufaa kama watawala wangekuja kama marafiki na waelimishaji. Aliona ukatili, na aliona nani analipa Ujerumani. Kwamba watu wa Umatumbi wangeweza kupanga wenyewe kodi yao na matumizi yake, hakulifikisha dai hilo bungeni.

Swali la mwisho

Chama kiliinuka tena. Mwaka 1912 kilipata kura zaidi ya milioni 4 na viti 110 kati ya 397, kikawa kikubwa kuliko vyote bungeni. Ukubwa huo ulileta utata mpya. Katika jimbo la Baden wajamaa walianza kuunga mkono bajeti ya serikali ya jimbo ili wapate marekebisho madogo madogo. Kwenye mkutano mkuu wa Magdeburg mwaka 1910 Bebel aliwashambulia vikali. Kwake, kuipitisha bajeti ni kuipa imani serikali inayoitumia.

Novemba 1911 aliwaonya wabunge kwamba mashindano ya silaha barani Ulaya yataishia katika vita vya mamilioni ya watu, na baada yake kufilisika, ukosefu wa kazi na njaa. Baadhi ya wabunge walimcheka.

Mwaka 1913 serikali ilitaka kuliongeza jeshi kwa kiwango kikubwa. Safari hii ilikuja na jambo ambalo wajamaa walikuwa wamelidai tangu Erfurt: gharama zilipwe na wenye mali, kwa mchango wa mara moja uliokadiriwa kufikia marki bilioni 1. Wabunge wa chama hicho walijikuta njia panda. Kodi ilikuwa ya haki na matumizi yalikuwa ya bunduki. Walipiga kura ya hapana kwa jeshi, kisha mwezi Juni wakapiga ya ndiyo kwa kodi. Wengine chamani waliona huo ni ushindi, kwani hatimaye tajiri analipa. Wengine waliona kwamba ukishamlipia mtu bunduki, huwezi kusema hukukubali aipate.

Bebel hakuuona mwisho wa mabishano hayo. Mkewe Julie alikuwa amefariki mwaka 1910 na moyo wake mwenyewe ulikuwa umechoka. Alifariki tarehe 13 Agosti 1913 huko Passugg, Uswisi, akiwa na miaka 73, na akazikwa Zurich mbele ya umati mkubwa wa watu.

Chini ya mwaka mmoja baadaye, tarehe 4 Agosti 1914, wabunge wa chama chake walisimama na kuiidhinishia serikali mkopo wa marki bilioni 5 kwa ajili ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Sehemu kubwa ya vita hivyo Ujerumani iliigharamia kwa madeni, ili kodi yake isionekane mapema. Ilipofika Desemba mbunge mmoja tu alipiga kura ya hapana. Alikuwa Karl Liebknecht, mtoto wa Wilhelm, yule rafiki aliyekataa pamoja na Bebel mwaka 1870.

Mpango wa Erfurt haukutekelezwa wote, na kodi ndani ya bei ya sukari na mafuta bado iko pale pale katika nchi nyingi, zikiwemo za kwetu. Lakini kila mwezi Juni, bajeti zinaposomwa katika mabunge ya Afrika Mashariki na mawaziri wakiomba idhini ya kukusanya na kutumia, maswali ya yule mkereza wa Leipzig yanaweza kuulizwa bila kubadilisha hata moja: nani analipa, nani atafaidika, na je, mwakani tutakuwa bado na uwezo wa kusema hapana?